Herufi X kwenye Mtama wa Mzee Amiri

Jumatatu, 22 Novemba 2004

Dokta Ulimboka kanitupia mezani orodha ya RNA, yaani nakala za jeni, za mbegu zote za mtama za mradi, kurasa arobaini. Kila mstari una herufi — u, i au x. Nikauliza maana yake. Kasema zote ni RNA ndefu zisizotengeneza protini, kwa hiyo takataka. Paka nyekundu! Mbegu yenye nyekundu nyingi inatoka kwenye mradi.

Nikapaka mpaka mkono ukauma. Iliyotoka ni ya Mzee Amiri wa Kondoa — ile iliyohimili ukame mwaka jana wenzake walipoambulia mabua! Sikuelewa. Nikasaini ripoti.

Jumatano, 24 Novemba

Saa mbili nzima internet kafe, mtandao unajikokota. Lakini nimepata. Herufi hazisemi jeni ina thamani gani! Zinasema imekaa wapi, basi. u — iko peke yake, mbali na nyingine. i — iko ndani ya jeni ya mwenzake. x — imekaa mkabala na jeni nyingine, inasomwa kinyume chake, na huenda ndiyo inayoizima na kuiwasha. Ndivyo tunavyoelekezana hapa Makole: nyuma kwa Mama Loisi, inayotazamana na mashine ya kusaga. Nani hubomoa nyumba kwa sababu iko nyuma?

Mstari wa 212, mbegu ya Mzee Amiri: x, mkabala na jeni ya kuhimili ukame. Nyekundu. Nimeupaka mimi. Mpumbavu mkubwa!

Alhamisi, 25 Novemba

Nimempelekea Dokta. Hata macho hakuinua. Ripoti imeshakwenda kwa wafadhili, na aliyesaini ni mimi. Eti elimu ya internet kafe! Akacheka. Nilitaka kumrushia faili.

Nikakimbilia ghalani. Filipo, mtunza ghala, anasema aliagizwa mbegu iliyotolewa kwa nyekundu aiondoe. Ya Mzee Amiri imeliwa na kuku. Debe zima! Nikamfokea, maskini, na kosa si lake.

Ijumaa, 26 Novemba

Jana jioni mvua ya kwanza. Leo Mzee Amiri huyu hapa, katoka Kondoa na basi la alfajiri. Anataka nusu debe ya mbegu yake akapande. Ya nyumbani waliila mwezi wa tisa, njaa ilipobana — hakuwa na wasiwasi, anasema, nyingine si iko hapa kwenye mradi?

Dokta kajifungia ofisini. Kaniagiza niseme imeoza. Uongo huo sisemi! Lakini ukweli nao nauanzia wapi?

Yuko kwenye benchi, mlango uko wazi. Naandika ili nisiinue kichwa. Ametoa mfuko wake mtupu wa mbegu, anaukung'uta.

Ananiita. Mwanangu, njoo unishikie mdomo wa mfuko.