Upande wa Kipara

Jumatatu, 2 Juni
Nimeamka nimebanana na ukuta, nusu ya kitanda tupu. Chai ya rangi. Kisimani mara mbili na mkokoteni. Punda wangu Shaba kavuta kulia tena. Kamba ya kushoto inanikata kiganja, ya kulia imelegea tu. Nikivuta kushoto anageuza shingo, mwili unaenda kulia. Kulia ndiko kwenye lami, na lami ya Ihanja ni malori. Nimemtukana punda wa watu mpaka Mama Hadija, jirani, akasimama na ndoo yake kusikiliza. Aibu.

Jumanne, 3 Juni
Shemeji Elia kaja. Mdogo wa marehemu Yona, mume wangu. Si mtu mbaya, ila anaongea kama yuko mkutanoni. Tangu punda mwenzake, Kipara, afe kwa tumbo masika hii, Shaba anavuta mkokoteni peke yake na hajawahi kunyooka. Kasema asiponyooka mpaka Jumamosi, anampeleka mnadani. Hataki kuzika mtu mwingine kwenye familia hii. Lakini alizeti yangu bado iko shambani, na maji nitabeba kwa kichwa? Nimekasirika. Naandika huku nimekasirika.

Jumatano, 4 Juni
Shambani kwenye mabua ya mtama, mbali na barabara. Mduara wa kushoto. Tena wa kushoto. Ndani ya mduara anatii, tukitoka tu, kulia. Pua yake imechubuka, nimezungushia kamba kitambaa. Halafu nikamchapa. Sikuwahi kumchapa. Sikula mchana.

Alhamisi, 5 Juni
Lori. Honi. Gurudumu la kulia lilishapanda lami. Dereva kanitukania mama. Madumu yamepasuka, maji yote chini.
Elia keshajua. Ihanja hii.

Ijumaa, 6 Juni
Kaja leo, kamba begani, hata kesho hakuisubiri. Kataka kumwona akitembea kwanza. Nikamzungusha shambani, mimi juu ya mkokoteni. Elia alisimama nyuma, akacheka.
"Shemeji, huyu bado anatembea na Kipara."
Utani tu. Mimi sikucheka. Yona alimfunga Shaba kushoto na Kipara kulia tangu wakiwa wadogo. Wenzake walikuwa wakibadilisha pande, yeye hakutaka, alisema mnyama akizoea upande wake aachwe nao. Mimi ndiye niliyekuwa nashika nira asubuhi wakati anafunga. Nimeona kila siku, na bado wiki nzima navuta kushoto kama mjinga.
Nikashuka. Nikaenda upande wa Kipara, nikamwegemezea bega, kamba zote mkononi. Akatembea. Kamba mbili, uzito mmoja. Mpaka mwisho wa shamba, na kurudi.
Elia akakunja kamba yake, akasema kesho anaenda mnadani kuangalia mbuzi.
Nililia, lakini baada ya yeye kuondoka.

Jumapili, 8 Juni
Kanisani, halafu barabarani na Shaba. Natembea kulia, kati yake na malori. Kila likipita naona moyo unataka kutoka. Yeye wala.

Jumanne, 10 Juni
Nimerudi nyuma kidogo. Jana begani, leo usawa wa mkia. Ameyumba mara moja, nikamgusa kiunoni, akanyooka. Siwezi kutulia. Nikikaa nasimama. Nimefagia uwanja mara mbili bila sababu.

Ijumaa, 13 Juni
Nimekaa juu ya mkokoteni, magunia ya alizeti nyuma. Mpaka mashine ya kukamua. Kushoto na kulia kamba zimekaa sawa mikononi, sikuvuta hata moja. Tulipovuka lami, Elia alikuwa amesimama ng'ambo. Kanisalimia, kashusha magunia mashineni.
Jioni nimetandika kitanda. Tangu Yona aondoke nalala ukutani, kumwachia nafasi yake. Leo nimeweka mto wangu katikati. Tutaona.