Bi Mkubwa, Bi Mdogo na Shangazi Saada

Gombani, 3 Julai 2025

Kwa Shangazi Saada,

Assalamu alaykum. U hali gani, na magoti yanaendeleaje? Sisi huku wazima. Nakuandikia kwa sababu umeapa hutaki tena simu tangu ile yako ilipolia taarabu katikati ya hitima.

Barua hii anakuletea Bakar wa gari la samaki, pamoja na tundu. Usishtuke. Ndani mna sungura wawili, wote majike. Majirani zangu wamehamia Dar wakawaacha uani bila maji wala kivuli, nikawakuta wamelala ubavu. Mwenye nyumba wangu hataki mnyama. Bi Farheen, mke wa Burhan wa duka la vitambaa pale Chake, amekubali kuwachukua moja kwa moja, ila fundi bado analijenga banda. Nihifadhie mpaka limalizike. Na nakuomba kwa heshima zote, si kitoweo.

Mwanao,
Ridha

Wingwi, 8 Julai 2025

Kwa mwanangu Ridha,

Waalaykumu ssalamu. Miye mzima, magoti ndiyo yale yale. Barua yako ilinuka samaki changu mpaka paka wakaisoma kabla yangu.

Wageni wamefika. Bakar alinambia wanakula majani, nikamwambia akome. Nimlishe mgeni majani, watu wasemeje? Tangu lini Wingwi tukampokea mtu aliyetoka mjini kwa ukoka? Asubuhi wanapata chapati na chai ya maziwa, mchana wali, jioni mkate wa kumimina. Chai wameikataa, nadhani wanaona haya. Yule mweupe mnene namwita Bi Mkubwa, wa kijivu Bi Mdogo, maana wanagombania kona mchana kutwa na kulala wanalala wamekumbatiana.

Shangazi yako,
Saada

Gombani, 10 Julai 2025

Shangazi,

Salamu nitazimaliza siku nyingine. Usiwape chapati! Wala wali, wala mkate, wala chochote chenye sukari! Tumbo la sungura limeumbiwa majani: ukoka tele wakati wote, maji safi na kivuli. Ukimpa wanga tumbo hujaa gesi, na akiacha kula na kupata choo, hufa upesi. Nimempigia Haroub, daktari wa mifugo. Anakuja na pikipiki yake leo hii.

Mwanao mwenye wasiwasi,
Ridha

Wingwi, 15 Julai 2025

Kwa mwanangu Ridha,

Assalamu alaykum. Bi Mkubwa yu hai, nakwambia mwanzo ili usome kwa utulivu.

Kabla barua yako haijafika, tumbo lake lilishakuwa gumu kama ngoma, na hataki kula. Nilipokwenda kuchota maji nikawaambia wenzangu kwamba mgeni wangu yu mahututi. Mgeni wa namna gani sikusema, na wao hawakuuliza. Alasiri uwanja umejaa. Jirani yangu Asma kaleta uji wa pilipili manga, wengine madafu na maandazi, na shehe kaja kumwombea dua mgonjwa.

"Mgonjwa yu wapi?" akauliza Asma.

"Huyo hapo, ndani ya kanga."

Wakafunua. Asma akashika kiuno.

"Weye Saada! Tumeacha shughuli zetu kuja kumtazama kitoweo?"

Nikalia, Ridha. Nililia mbele za watu. Shehe akavuta mkeka akakaa, akasema kiumbe ni kiumbe, akaomba dua mpaka mwisho. Na kwa vile uji wa mgonjwa hauregeshwi, wakaunywa wenyewe.

Haroub alipofika alimpa dawa, akanifundisha kumkanda tumbo taratibu. Nilimkanda mpaka mikono ikafa ganzi. Kesho yake akapata choo. Mwanangu, sijawahi kufurahia mavi namna hii maishani mwangu. Nilipiga vigelegele, na Asma akaitikia kule kwake bila kujua kuna nini. Sasa wanakula ukoka tu, naukata mwenyewe.

Shangazi yako,
Saada

Gombani, 2 Agosti 2025

Kwa Shangazi mpenzi,

Assalamu alaykum. Nimesoma barua yako ofisini, wenzangu wakadhani nimepata msiba kwa machozi ya kicheko.

Habari njema: banda la Farheen limekwisha. Jumamosi atakuja kuwachukua wote wawili, maana nimemwambia wasitenganishwe, mmoja akibaki peke yake hunyong'onyea. Utapumzika, usikate tena majani na magoti hayo.

Mwanao,
Ridha

Wingwi, 5 Agosti 2025

Ridha,

Waalaykumu ssalamu. Jumamosi haiwezekani. Bi Mdogo ana kikohozi.

Shangazi yako

Gombani, 12 Agosti 2025

Shangazi,

Assalamu alaykum. Pole na mgonjwa. Farheen anasema atasubiri Jumamosi nyingine. Kikohozi kikizidi nimwambie Haroub?

Mwanao,
Ridha

Wingwi, 18 Agosti 2025

Ridha,

Waalaykumu ssalamu. Kikohozi kimeondoka, lakini Bi Mkubwa ameshikwa na presha. Akisikia gari anapata kizunguzungu, na njia yetu unaijua ilivyo. Haroub usimsumbue, ana ng'ombe wa watu.

Shangazi yako

Gombani, 27 Agosti 2025

Kwa Shangazi Saada,

Assalamu alaykum. Nimemsumbua Haroub. Anasema alipopiga hodi alikusikia ndani ukinong'ona, "Laleni, laleni, kaja!" Kisha akamkuta Bi Mkubwa amefunikwa blanketi mpaka masikioni, anatafuna jani. Anasema hajapata kuona sungura wazima kama hao Pemba nzima, na aliyekuwa na presha mle ndani ni wewe.

Shangazi, nimempa mtu ahadi. Niambie ukweli.

Mwanao,
Ridha

Wingwi, 31 Agosti 2025

Kwa mwanangu Ridha,

Assalamu alaykum. Ukweli ndio huu.

Tangu afe bwana wangu, nyumba hii hunisikia miye tu. Nyinyi mwaja Idi, mwala, mwaondoka, na siwalaumu. Sasa nikigusa kitasa tu asubuhi, hawa wawili wanasimama kwa miguu ya nyuma kunitazama. Nawapenda. Nilishindwa kusema kwa sababu niliona haya, mwanamke wa umri wangu kulilia sungura. Nikaona afadhali wao wakohoe.

Ahadi ni yako, lakini aibu ni yangu, kwa hiyo jana nilipanda gari la Bakar nikaenda kwa Farheen mwenyewe. Nimeliona banda. Nilitafuta kasoro: kivuli kipo, maji yapo, sakafu kavu, wavu mzuri, na majani ameyaotesha pembeni. Sikuona hata moja, ikaniuma. Nikakaa barazani kwake nikamwambia, "Mwanangu, banda lako limeishinda nyumba yangu, lakini sikupi." Alinitazama, akaniuliza majina yao. Nilipomtajia alicheka mpaka Burhan akatoka dukani. Akasema basi, Ridha amtafutie wengine, na miye niende kumfundisha kuwakanda. Kwa hiyo fungua macho, wenye kuhama hawakosekani hapo mjini.

Nilipita kwako, mlango umefungwa. Bakar alisema tukusubiri utoke kazini. Nikamwambia siwezi, watu wangu hawajakatiwa majani ya jioni.

Shangazi yako,
Saada