Kipande cha Mninga Chini ya Magurudumu ya Mbele

Jumamosi, Kasulu. Mvua imeanza kabla ya adhuhuri, ikaacha, ikarudi. Nimechoka. Si uchovu wa kazi, maana leo sikufundisha. Ni uchovu wa kukaa na neno moja kifuani tangu Jumatatu.

Barua ya uhamisho imetoka. Katika miaka sita nimeomba mara nne, na mara tatu nimeambiwa nisubiri. Sasa wamekubali nirudi Korogwe, kwa mke wangu na watoto ninaowaona likizo hadi likizo. Mtu mwingine angeruka. Mimi nimeikunja nikaiweka ndani ya daftari la vipimo vya gari, na hadi leo sikuwa nimemwambia mtu. Hata mke wangu sikuwa nimemwambia.

Haya, nimelisema.

Gari lenyewe ni la rimoti, la kushindania, urefu wake haufiki mkono kutoka kiwiko hadi vidoleni. Linasukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Ni letu wawili, mimi na Nestori, fundi pikipiki wa hapa mtaani. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye amezaliwa huku, ni raia, na ana shamba lake Nyakitonto. Mimi ni mwalimu wa fizikia, kwa hiyo mimi napima na kuandika, yeye anaendesha. Kesho baada ya ibada jamaa wa Kibondo wanakuja na lao, wale wanaofanya kazi kwenye kambi ya wakimbizi ya Nduta. Wametufunga mara mbili mfululizo na wanatucheka hadi kwenye simu.

Shida yetu ni uzito. Kiangazi vumbi la hapa linateleza kama unga, kwa hiyo tulisogeza betri nyuma kabisa ili magurudumu yanayosukuma yashike. Mvua zilipoanza, udongo ukawa unanata. Sasa nyuma inashika kupita kiasi, pua imekuwa nyepesi, na ukikata kona gari haligeuki, linakwenda mbele tu. Inabidi uzito urudi mbele, lakini kidogo kidogo, maana ukizidisha mkia nao unaanza kukutupa.

Jana jioni nilisogeza betri kidogo nikapima. Mizani moja ya maabara, nyingine ya jirani yangu anayeoka keki. Magurudumu ya nyuma juu ya ile ya keki, ya mbele juu ya ile ya maabara. Ya maabara ni fupi, gari likainama, nikaweka kipande cha mninga juu yake ili lilale sawa. Mbele gramu mia sita na kumi, nyuma mia tisa na ishirini. Safi kabisa, nikaandika, nikalala.

Leo Nestori akaliinua gari kwa vidole viwili katikati ya tumbo, akasubiri aone linaelemea wapi. Ndivyo anavyopima yeye. Ujana wake wote alisukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi kutoka Nyakitonto, na kwenye vilima ukipakia nyuma peke yake gurudumu la mbele linanyanyuka, kwa hiyo walikuwa wanafunga mkungu mmoja kwenye usukani. Akasema pua bado nyepesi.

Nikafungua daftari, barua nimeibana kwa kidole gumba isidondoke, nikamsomea namba. Nilimsomea kama mwanafunzi wa kidato cha kwanza, na sipendi nilivyosema. Yeye akajibu tu kwa lugha ya kwao, ego, yaani ndiyo, mwalimu, akachukua rimoti.

Nyuma ya gereji yake kuna uwanja, na kwenye kona ya mwisho kuna rundo la matofali. Gari likaenda moja kwa moja kwenye matofali.

Mara tatu.

Mara ya tatu mkono wa gurudumu la mbele ukapinda. Nikaenda kulichukua, nikateleza, nikakaa chini kwenye tope, suruali yote nyekundu. Nikamwambia hamna neno, mvua ni baraka. Nestori akaniangalia, hakucheka.

Tuliporudi ndani akaunyoosha ule mkono, kisha akaomba nimwonyeshe nilivyopima. Nikapanga kila kitu kama jana. Halafu akaondoa gari, akaacha kibao cha mninga peke yake juu ya mizani, akaigeuza inielekee.

Gramu themanini.

Nilikuwa nimepima mbao nikaiita pua ya gari. Mimi, ninayewafokea watoto kila mwaka kwamba watoe kwanza uzito wa chombo! Nilitamani ardhi ipasuke.

"Mwalimu, barua imetoka?"

Nikamuuliza nani kamwambia.

"Umeniambia wewe. Miaka sita unayalaumu matope ya Kasulu. Leo umeyakalia ukasema ni baraka."

Nikamtolea barua. Akaisoma polepole hadi mhuri wa mwisho, akaikunja kwa mikunjo yake ileile. Akauliza kama mama Rehema, mke wangu, anajua. Nikasema hapana. Akafuta mikono kwenye kitambaa cha grisi, akafuta tena, akasema nimpigie kwanza, betri tutasogeza baadaye.

Nikampigia nikiwa nimesimama chini ya upenu. Mke wangu akapiga vigelegele hadi Nestori akavisikia mle ndani. Nilifurahi, jamani, kweli nilifurahi, lakini sikurudi ndani mara moja.

Niliporudi nilikuta betri imeshasogezwa mbele, na chini ya pua amebandika vipande viwili vidogo vya risasi, vile wanavyobandika kwenye rimu za magari kusawazisha tairi. Nikanyoosha mkono nichukue daftari. Akalivuta upande wake.

"Kuanzia leo napima mimi."

Akapima. Akautoa uzito wa kibao. Mwandiko wake ni mkubwa, namba mbili zimejaza mstari mzima. Kisha akanipa rimoti, mara ya kwanza tangu tuwe na gari hili, akaenda kusimama mwenyewe kwenye mvua kando ya matofali, kama ninavyosimama mimi akiendesha yeye.

Gari likakata kona. Akanyanyua mikono yote miwili juu.

Kesho jamaa wa Kibondo wanaweza kutufunga tena, sijui. Nimeoga na matope ya kwenye kucha hayajatoka, na kesho nitarudi kuyalaumu vizuri. Ila ninachojiuliza tangu jioni ni hiki: nikishakwenda Korogwe, Nestori akishapima, akashika na rimoti, nani atakwenda kusimama kwenye matofali?