Siku Tuliyonawa Mikono

Marahaba, mjukuu wangu Neema. Hapa Ganako hatujambo, bibi yako anavuna maharage huku akiyalaumu magoti.

Unauliza kwa nini injini za kiwandani kwenu zinakufa zikiwa mpya, na kila chuma kilipimwa. Hata mimi nachanganyikiwa.

Nilipokuwa fundi Karatu, tukiwa na mikono michafu tulikuwa tukimpa mgeni kifundo cha mkono akishike kutusalimia. Siku ya kufunga injini ya lori la vitunguu, tulinawa. Wazee wenye lori wakafika kutoka Mang'ola, vumbi tupu. Kwa kuwa tulikuwa safi, tukawapa viganja, kisha tukarudi kufunga beringi. Lori likaondoka, na injini ikaanza kugonga kabla ya kufika Rhotia. Tulipoifungua, beringi zilijaa vumbi.

Sasa wazee tungewanyimaje mkono? Mpaka leo sijui tulikosea wapi. Ninyi huko mnasalimianaje?

Babu yako