Kitenge Walichokufunika, Olga

Mwaka umetimia, Olga, tangu Jumatano ile ya tarehe 14 Mei 2025, siku uliyotoka nyumbani kwetu Carama kwa miguu yako kwenda kuomba, na jioni tukawa tunatafuta jeneza.

Wengine kwenye matangazo kama hili huandika kwamba Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Mume wako Mirindi amekataa tuandike hivyo. Anasema Bwana asisingiziwe.

Uliuza vitenge miaka kumi na tatu na hatukukuona umevaa kipya hata siku moja. Kipya ni cha mteja, ulisema. Asubuhi ulikuwa unaomba huku unapuliza makaa kwenye jiko la babura, ukitaja watu kwa majina kama mwalimu anayeita darasa, mgonjwa, mfiwa, mwenye mimba, mpaka na yule mama aliyekupora wateja sokoni. Mwanao Espoir akiamka anauliza, "Mama, na mi umenitaja?" Na we: "Nilikutaja wa kwanza. Amka unawe."

Upepo ulipoezua bati za jirani yetu Fadhila, waombezi wa kanisa walikuja wakasimama uani kwake, wakamuombea kwa sauti kubwa. Waliposema amina, kila mtu akashika njia yake. We ulibaki, ukamuita mume wako alete ngazi. Alikuwa ndiyo kwanza ametoka kazini, hajavua hata viatu.

"Si mumeshaomba?" alikuambia.

Ukacheka. "Tumeomba, ndiyo. Mi siombi juu Mungu ajue, ye anajua zamani. Naomba juu mi nijue cha kufanya. Sasa nimejua. Leta ngazi."

Mume wako aliishia darasa la nne huko Uvira. Mahubiri mengi yalimpita juu ya kichwa, lakini neno hilo lilimuingia. Alipanda juu ya nyumba ya Fadhila akinung'unika, na we chini ukimpa misumari mmoja mmoja.

Ulikuwa na ugonjwa wa sukari. Muganga alikuambia wazi kwamba ukipiga sindano ya asubuhi usipokula, utaanguka, na usipowekewa kitu kitamu mdomoni hutaamka. Kwa hiyo pembe ya kitenge chako ilikuwa na fundo siku zote, na ndani ya fundo bombo mbili, pipi za sukari. Mikono ikianza kutetemeka, unafungua fundo. Watoto wako wawili, Joëlla na Espoir, walijua, na hakuna aliyethubutu kuziiba.

Kanisa likatangaza mnyororo wa maombi wa juma zima, watu wakipokezana zamu, kila zamu ikifunga bila chakula wala maji. Zamu ya Jumatano asubuhi wakakupa uiongoze wewe. Ulimfuata Mchungaji ukamueleza habari ya sindano. Alikujibu mbele ya watu: "Kiongozi akila, mnyororo umekatika. We unataka kuukata?" Ulirudi nyumbani. Mume wako aliona uso wako, akakuambia usiende. Ukamuambia watu wanakungoja.

Siku ile saa sita mume wako alipita nyumbani kuchukua spana aliyoisahau. Juu ya meza akakuta sindano uliyokwisha kupiga, na bombo mbili. Ulikuwa umefungua fundo, ukaziacha, usije ukajaribiwa. Alizitia mfukoni, akatoka mbio kwenda kanisani.

Wasiokujua wasome hili vizuri. Katika kanisa letu mwanamke akianguka kwenye maombi hufunikwa kitenge kwa heshima, na haguswi, juu wanasema Bwana anasema naye. Kitenge hicho, cha kijani chenye ndege wa manjano, ulikitoa wewe mwenyewe kwenye mzigo wako, ukakishona pindo ili kisichanike. Ulisema akina mama wasilale chini kama mizigo.

Diakoni Moïse alikuwa mlangoni mwa chumba cha maombi.

"Papa Joëlla, na mikono hiyo ya mafuta unaenda wapi?"

"Bibi yangu iko ndani?"

"Iko na Bwana. Ameanguka tangu saa tano, na sasa anasema kwa lugha. Usikatize kazi. Kaa hapo, omba na we."

Na mume wako akakaa. Hilo tunaliandika kwa sababu ametaka liandikwe. Wakubwa wa kanisa wakisema kaa, alizoea kukaa. Alikaa kwenye benchi karibu saa nzima, kofia mkononi, akaomba. Alimuomba Mungu akusaidie, na katikati yako na yeye kulikuwa na mlango ambao haukufungwa kwa ufunguo.

Simu ikalia. Ni Hamimu, mwenye garaji ya Buyenzi anakofanya kazi.

"We Mirindi, spana umeenda kuifua chuma wewe mwenyewe? Mwenye gari amesimama hapa ananitolea macho."

"Niko kanisani. Bibi ameanguka katika maombi. Wamemufunika, wanasema tungoje."

Hamimu akauliza, "Bibi gani? Si huyu wa sukari?"

"Huyu."

"Mirindi, ndugu yangu, mambo ya dini yenu mi siyajui. Lakini sukari naijua, iliniulia mama. Simama. Ingia. Mi nakuja na gari."

Ndipo aliposimama. Akamsukuma Moïse, akavuka akina mama waliopiga magoti, akafunua kitenge. Ulikuwa umelowa jasho, na baridi. Alikutia bombo mdomoni ikabaki pale pale. Kwenye gari la Hamimu kichwa chako kilikuwa kwenye mapaja yake, na hospitalini walijaribu, hatuna neno nao. Saa kumi na moja ulikwenda.

Wakubwa walikuja matangani wamevaa suti. Mchungaji akasema kufa katika maombi ni heri ambayo kila Mkristo angeitamani. Mume wako akamuuliza, "Sasa nyinyi munangoja nini?" Watu wakainamisha vichwa. Akaitwa mtu aliyechanganyikiwa na uchungu, na mpaka leo ndilo jina wanalomuita.

Hakuchanganyikiwa. Alikwenda kwenye kamati yao mara tatu, kuuliza kwa nini hawakukufunua. Mara ya kwanza walisema wataomba juu ya jambo hilo. Mara ya pili walisema bado wanaomba. Mara ya tatu Mama Irène, mkubwa wa waombezi, alimjibu.

"Papa Joëlla, sisi tungejuaje? Alikuwa anasema. Mutu anayekufa anasema? Tulifurahi, tukapandisha wimbo."

"Alikuwa anasema nini?"

"Lugha ya mbinguni haina tafsiri."

"Mi nimelala na huyo mwanamke miaka kumi na saba. Niambieni sauti tu, vile ilivyotoka. Kutafsiri nitatafsiri mwenyewe."

Wakafunga kikao kwa sala.

Aliyekuwa karibu na kichwa chako ni Orlane, binti wa kwaya. Mume wako alimkuta sokoni, hapo hapo ulipokuwa unatandika vitenge vyako. Hakumkaripia. Alimuomba tu. Binti akashika kikapu kwa mikono miwili, machozi yakamjaa. "Papa, nilisikia. Lakini wamesema nikisema nitaliaibisha kanisa." Akaondoka bila kuchukua nyanya alizokuwa amezilipia. Siku hizi akituona anavuka barabara.

Kitenge walituma watu kukidai, eti ni mali ya kanisa. Hawakukipata. Kiko kwenye kitanda cha Joëlla. Tumesikia wamenunua kingine.

Sasa wametuandikia kwamba wangependa kufanya ibada ya kumbukumbu yako, na mume wako aje atoe ushuhuda. Hatutakwenda. Kumbukumbu yako ni hii.

Mume wako hajui kuomba tena, Olga. Anawasha babura asubuhi, anapuliza makaa, majina hayatoki. Joëlla amemuuliza, "Papa, sasa watu wanaomba juu ya nini?" Mvua za Novemba zilipobomoa ukuta wa mzee wa ng'ambo ya mtaro, alichukua chepe akaenda, bila mtu kumuita. Joëlla akamfuata na ndoo, akamuuliza kama hayo ndiyo maombi. Akasema hajui, alete udongo.

Bombo zako mbili, moja aliyokutia mdomoni na moja iliyobaki mfukoni mwake, zimo kwenye kopo juu ya kabati. Espoir hazigusi.

Wanaokukumbuka ni mume wako Mirindi, watoto wako Joëlla na Espoir, dada yako Lisette aliye Uvira, jirani yako Fadhila ambaye bati zake hazijang'oka tena, na Hamimu pamoja na watu wote wa garaji. Hutatoka mioyoni mwetu, siku zote tulizobakiza.

Na kwa nyinyi mliokuwa chumbani siku ile, mnaosoma tangazo hili, mume wa Olga hadai kitu kingine. Mlimsikia kwa masikio yenu. Chini ya kile kitenge, Olga alikuwa anaongea na Mungu, ama alikuwa anawaita nyinyi?