Nyota Mbili Kwenye Mahindi

Shikamoo dada Neema,

Huku Nambis baridi inaingia hadi kwenye mifupa. Asubuhi, nikinywa uji jikoni kwa wenyeji wangu, nilikuwa nachambua picha za anga nilizopiga jana usiku shambani, taa ndogo ikiwa kichwani. Programu huzilinganisha zote: kinachopita mara moja, kama ndege, hukifuta, kinachoonekana katika picha zote hukihesabu kuwa nyota. Ikanipa nyota mbili chini kabisa, penye mahindi. Nikamwonyesha mama mwenye nyumba huku nacheka. Yeye hakucheka.

"Hayo macho ya fisi, mwanangu. Taa yako imeyamulika. Alikaa anakuangalia muda wote."

Nibusie watoto, dada. Kazi haijaisha, leo narudi palepale peke yangu. Niombee mawingu, nisiweze kupiga picha.

Mdogo wako,
Rehema