Aliyepinda Pini ni Mimi

Nyumbani, chumba cha uani
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Dada,

Nisamehe nikianza na hili kabla ya salamu, maana nikianza na salamu nitaishia hapo hapo. Baba yako hakukosea. Kompyuta ya dukani niliiharibu mimi. Sijamwambia mtu, hata mama.

Sasa, hujambo? Kile kikohozi kimepona? Huku sote tu wazima wa mwili.

Unajua Mjomba, baba yako, ndiye aliyeniombea kazi pale duka la picha alikokuwa fundi, nilipomaliza shule. Alinifundisha kwa upole. Skrini ikisumbua, alisema, anza na waya, ndipo uende kwenye kadi ya picha iliyo ndani ya kompyuta, maana kuangalia waya hakumalizi hata dakika.

Siku ile nilikuwa nafuta vumbi nyuma ya kompyuta. Nikachomoa waya wa skrini, nikaurudisha juu chini. Ukagoma, nikausukuma kwa nguvu. Nilipougeuza uliingia, lakini pini moja ilikuwa imeshapinda. Tulipowasha, rangi nyekundu haikuwepo. Kwenye picha za harusi tulizofungua, bibi harusi na wageni wake wote walikuwa na sura za kijani kama maiti.

Mjomba akaniuliza, "Fundi mdogo, waya umeuangalia?"

Mwenye duka alikuwa amesimama pale, na ulimi wake unaujua. Nikajibu, "Nimeuangalia, Mjomba. Mzima."

Akaniamini. Akanunua kadi mpya, picha bado kijani. Akaazima skrini nyingine, akaichomekea waya uleule, kijani. Mwenye duka akamcheka mbele ya wateja.

"Jana kadi, leo skrini, kesho utaniambia jua ndilo limechuja! Mzee, kazi imekushinda. Nenda kapumzike, utuachie wenye macho."

Mjomba alikusanya bisibisi zake moja moja. Moja ikamponyoka, wateja wakacheka tena. Mimi nilikuwa natazama sakafu.

Alipotoka tu, nikainyoosha pini kwa kibanio changu cha nyusi. Rangi zikarudi. Mwenye duka, aniitaye Bubu kwa kuwa siongei sana, akapiga makofi: "Kumbe Bubu wetu ndiye fundi!" Nikapewa kiti cha Mjomba. Mto wake bado upo juu yake.

Nilidhani atanichukia. Alikuja nyumbani kunipongeza, Dada. Akauliza tatizo lilikuwa nini. Nikamwambia ile kadi mpya hakuikalisha sawa. Akaitazama mikono yake, akasema, "Basi imezeeka." Tangu hapo majirani wakimletea redio anawaelekeza kwangu.

Jana ameniomba nimfundishe. Kesho saa mbili asubuhi atakuja na daftari, nimwoneshe kadi inavyokalishwa. Mwenye duka amekubali, kwa sharti kwamba afagie kwanza. Nami nitamfundisha, maana nikisema ukweli sasa, atahesabu nimemdanganya mara ngapi?

Mama, shangazi yako huyo, anakusalimu sana, na Bibi anauliza kama unakula. Mungu akutunze huko uliko, akupe moyo mweupe kuliko wangu.

Ukimaliza kusoma, uchane karatasi hii. Baba yako akikupigia simu akakuambia mikono yake imezeeka, mpe pole tu. Nakuomba, Dada, usimwambie mtu, na yeye hasa.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote.